Kwenye Nyayo za Vijana wa Lincoln: Harlem hadi Washington

Jumamosi, New York

Ndege ya kutoka Nairobi ilitua JFK alfajiri, na kabla ya saa saba mchana nilikuwa nimesimama juu ya kaburi la mshairi. Ni kaburi la ajabu, kwa sababu ni sakafu. Ndani ya Schomburg, kituo cha utafiti wa historia ya Watu Weusi kwenye barabara ya Malcolm X mtaani Harlem, sakafu ya ukumbi imechorwa duara kubwa linalopitiwa na mistari ya mito. Chini yake ndipo yalipozikwa majivu ya Langston Hughes mwaka 1991, miaka 24 baada ya kufa kwake. Nilisita kukanyaga. Mlinzi akaniashiria nipite tu. Siku ya uzinduzi Maya Angelou na Amiri Baraka walicheza dansi papo hapo, kwa hiyo viatu vyangu vya mitumba havikuwa utovu wa adabu wa kwanza kumfika marehemu.

Safari yenyewe ni hii. Kuna chuo kidogo huko Pennsylvania, Lincoln University, kilichoanzishwa kwa ajili ya vijana Weusi wakati utumwa ungali halali katika majimbo ya kusini mwa Marekani. Katika muda wa miaka kumi tu kilimtoa Langston Hughes (1929), Thurgood Marshall na Nnamdi Azikiwe (wote 1930), kisha Kwame Nkrumah (1939). Mshairi mmoja, jaji mmoja, marais wawili, wa Nigeria na wa Ghana. Mimi ni mwalimu wa historia katika sekondari moja ya Kiambu, na mmoja kati ya hao wanne aliwahi kufika kwetu Kiambu akazuiwa mkutanoni. Hayo nitayafikia nikifika Washington. Nimeamua kufuata njia yao kwa mpangilio wa barabara, si wa miaka.

Kutoka Schomburg nilitembea hadi nambari 20, Mtaa wa 127 Mashariki. Ni nyumba ya mawe ya kahawia kama jirani zake, na Hughes alikaa ghorofa ya juu kwa miaka kama 20 ya mwisho ya maisha yake. Nilitazama madirisha, nikapiga picha, nikaondoka. Nyumba za waandishi hazina mengi ya kusema; kazi yao imo kwingine.

Kilichonishika zaidi Harlem ni Nkrumah, ambaye hana jiwe wala sakafu hapa. Likizo za kiangazi alikuja kutafuta karo. Alijaribu kuuza samaki: kurauka alfajiri, kununua kwa jumla, kusimama kwenye kona na kuuza. Samaki walimtoa vipele akaacha. Akaingia kiwanda cha sabuni, kazi ya kubeba mafuta ya wanyama yaliyooza, akaacha hiyo pia kabla haijammaliza. Usiku ambao hakuwa na pa kulala alikata tiketi ya treni ya chini ya ardhi, akawa anakwenda Brooklyn na kurudi Harlem, kwenda na kurudi, mpaka kuche. Nami jioni nilipanda treni ya A kutoka Mtaa wa 125 hadi Brooklyn. Kelele, breki, matangazo, watu wanaingia na kutoka. Anayeweza kupata usingizi humo ana shida kubwa kuliko usingizi.

Jumapili, njiani

Basi la kwenda Philadelphia ni mwendo wa saa mbili na ushee, nami nililala njia nzima. Dada yangu na mumewe wanakaa Upper Darby, pembeni mwa jiji. Chai ya maziwa, chapati, habari za nyumbani. Shemeji ni dereva wa lori na anaijua Pennsylvania kuliko ramani. Aliposikia ninakokwenda alicheka.

"Shemeji, umetoka Kiambu kuja kuangalia mashamba? Lincoln iko porini. Nenda Howard. Iko mjini Washington, na metro inakushusha karibu."

"Howard nitapita Ijumaa."

"Haya. Lakini kesho nakupeleka Chester mwenyewe, maana huko ukipotea sitakuja kukutafuta."

Jumatatu, Philadelphia na Chester

Asubuhi tulipita Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Nkrumah alichukua shahada yake ya pili, ya theolojia, kule Lincoln mwaka 1942, na mwaka huohuo akapata uzamili wa elimu hapa. 1943 akaongeza uzamili wa falsafa. Wasifu wake vitabuni husomeka hivyo, cheti baada ya cheti, mpaka mtu anadhani alikuwa amekaa maktabani tu.

Chester iko kusini zaidi, ukingoni mwa mto Delaware. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kulikuwa na kampuni kubwa ya kuunda meli, Sun Ship, na Nkrumah aliingia humo zamu ya usiku: saa sita usiku hadi saa mbili asubuhi, kisha anakwenda kusoma. Baridi ya mtoni ilimpata na nimonia ikamlaza hospitali. Leo sehemu ya ardhi ile ni kasino. Shemeji aliegesha gari, tukasimama kwenye ua wa kuegeshea tukitazama maji. Ni Oktoba tu na upepo tayari unapenya koti. "Januari hapa saa nane usiku," shemeji akasema, "hata mimi ningeunda nchi nikaondoka."

Mchana tulikula Southwest Philadelphia, barabara ya Woodland, ambako Waliberia wamejenga mtaa wao kabisa: maduka, makanisa, saluni. Wali na majani ya muhogo, ndugu wa kisamvu cha pwani, ila wenzetu hawana huruma na mawese wala pilipili. Sikwenda pale kwa njaa peke yake. Wahitimu wa kwanza kabisa wa chuo ninachokifuata walifungasha mizigo wakaenda Liberia. Ilikuwa mwaka 1859.

Jumanne, Lincoln

Dada ameniazima gari lake. Mtu aliyezoea kushoto akiendesha kulia hujisemesha mwenyewe kila njia panda. Barabara ya 1 inatoka Philadelphia kuelekea kusini-magharibi, kilomita 70 hivi mpaka Lincoln. Nilipita si mbali na Cheyney, chuo kingine cha Watu Weusi, kilichoanza 1837. Wahitimu wa vyuo hivi viwili wana ubishi usioisha: Cheyney wanasema wao ndio wa kwanza, Lincoln wanajibu kwamba wao ndio wa kwanza kutoa digrii. Mgeni hasuluhishi magomvi ya wenyeji. Baada ya hapo ni Kennett Square, mji unaojiita makao makuu ya uyoga duniani, na harufu ya mbolea ya kuoteshea uyoga inakuthibitishia hata madirisha yakiwa yamefungwa.

Shemeji alisema kweli: ni porini. Mahindi yaliyokwisha kuvunwa, maghala, ng'ombe, halafu ghafla majengo ya matofali mekundu na vijana wenye mabegi mgongoni.

Mahali hapa palikuwa kijiji cha Weusi huru, Hinsonville. Aliishi hapo mtu aitwaye James Ralston Amos aliyetaka kuwa mchungaji. Mchungaji mmoja Mzungu wa Kipresbiteri, John Miller Dickey, alijaribu kumtafutia nafasi Princeton, akakataliwa kwa rangi yake. Basi Dickey na mkewe, Sarah Emlen Cresson, wakaamua kuanzisha shule. Ilipata hati mwaka 1854 kwa jina la Ashmun Institute. Ashmun alikuwa kiongozi wa koloni la Liberia, na jina hilo linasema wazi nia ilikuwa nini: kuwasomesha Weusi kisha kuwapeleka Afrika. Wako Wazungu wengi wa wakati ule waliochukia utumwa kwa moyo mweupe na bado hawakutaka kumwona Mweusi huru akiwa jirani yao. James Amos, nduguye Thomas, na mwenzao Armistead Miller ndio wale wa Liberia wa 1859. Jina la Lincoln lilikuja 1866, rais akiwa ameshauawa.

Nilivyozunguka ndivyo nilivyozidi kuona kwamba chuo hiki kilizaliwa kikiitazama Afrika, kwa sababu zisizopendeza, na karne moja baadaye Afrika ikavuna kwa namna ambayo waanzilishi hawakuiota. Kuna jengo linaloitwa Azikiwe-Nkrumah. Nilikaa kwenye ngazi zake nikila ndizi. Mwanafunzi mmoja alinisalimu, akauliza kama nimepotea. Nikamwambia natoka Kenya, nimekuja kwa ajili ya majina ya jengo hili. Akageuka akalitazama jengo kwa muda, akasema yeye ana somo la hesabu humo humo kila wiki.

Penye lango la zamani liko tao la kumbukumbu ya wanafunzi wa Lincoln waliopigana Vita vya Kwanza. Rais Warren Harding alilizindua tarehe 6 Juni 1921. Siku chache tu kabla, huko Tulsa, Oklahoma, umati wa Wazungu ulikuwa umeteketeza mtaa mzima wa Weusi na kuua watu. Harding aliyataja hayo hapa, mbele ya vijana Weusi, akamwomba Mungu nchi isiyaone tena. Rais wa Marekani kuitaja Tulsa wiki ileile, tena chuoni kwa Weusi, lilikuwa jambo kubwa. Baadaye nchi ikainyamazia Tulsa kwa miongo.

Jambo ambalo watu wa Lincoln hawalitii chumvi wala sukari ni hili: hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930 walimu wote walikuwa Wazungu. Langston Hughes, aliyekuwa ameshachapisha diwani kabla ya kujiunga, alifanya uchunguzi mwaka wake wa mwisho, akawauliza wanafunzi wenzake kama wangependa walimu Weusi. Zaidi ya nusu walisema wanataka Wazungu watupu. Hughes aliandika matokeo bila kuwapamba wenzake, na wakubwa hawakufurahi. Thurgood Marshall mwenyewe kwanza alikuwa upande wa kupinga, kisha akageuka. Napenda sana habari hii. Mtu ambaye baadaye alivunja ubaguzi wa shule za Marekani alianza kwa kuupigia kura bwenini.

Jumatano, Lincoln na Oxford

Nililala kwenye nyumba ya wageni ya bei nafuu karibu na Oxford, mji mdogo jirani. Enzi za Marshall ukumbi wa sinema wa Oxford uliwapangia Weusi viti vyao peke yao. Yeye na wenzake waliingia, wakakaa walikotaka, wakakataa kuhama. Hakuna aliyewatoa, na mchezo ukaishia hapo.

Asubuhi nilikwenda kanisa la Hosanna, mlangoni kabisa mwa chuo. Ni jengo dogo mno. Limekuwepo tangu 1843, kabla ya chuo, na wenyeji husimulia kuwa Frederick Douglass na Harriet Tubman walihutubia humo. Makaburi yako nje, na baadhi ni ya askari Weusi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mpaka wa Maryland, lililokuwa jimbo la utumwa, hauko mbali. Kanisa la Weusi huru kuwa hapa halikuwa jambo la ibada tu.

Siku iliyobaki niliimaliza katika maktaba, ambayo ina jina la Hughes na imehifadhi vitabu vyake mwenyewe. Nilisoma habari za ndugu wawili Grimké, Archibald na Francis, wahitimu wa 1870. Walizaliwa watumwa karibu na Charleston, kusini mwa Marekani, baba yao akiwa Mzungu tajiri aliyemmiliki mama yao, Nancy Weston. Mwaka 1868, wakiwa wanafunzi hapa, shangazi yao Mzungu Angelina Grimké Weld, aliyekuwa mpinzani mashuhuri wa utumwa, alisoma gazetini kwamba kuna mwanafunzi Mweusi Lincoln mwenye jina lake la ukoo. Aliandika barua kuuliza. Archibald akamjibu bila kuficha: sisi ni watoto wa kaka yako. Angelina angeweza kuichoma ile barua na hakuna ambaye angejua. Alikuja Lincoln akawakubali hadharani kuwa watoto wa kaka yake. Archibald akawa mwanasheria na balozi mdogo wa Marekani huko Santo Domingo. Francis akawa mchungaji Washington kwa miaka mingi.

Nilisoma pia jinsi Albert Einstein alivyokuja hapa Mei 1946. Kwa kawaida alikataa digrii za heshima, lakini ya Lincoln aliipokea, akawafundisha wanafunzi nadharia yake ubaoni, akasema ubaguzi wa rangi ni ugonjwa wa Wazungu na si wa Weusi. Rais wa chuo wakati huo alikuwa Horace Mann Bond, mhitimu wa 1923 na Mweusi wa kwanza kukiongoza. Wanawake walianza kupokewa rasmi mwanzoni mwa miaka ya 1950 tu. Mmoja wao, Lillian Fishburne, mhitimu wa 1971, akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kufikia cheo cha admirali katika jeshi la maji la Marekani.

Orodha za wahitimu mashuhuri hunichosha. Jina, mwaka, cheo, kama punje za mahindi kwenye gunzi, kila moja mahali pake na hakuna inayojua habari za nyingine. Hawa hawakuwa hivyo. Azikiwe alimaliza hapa, akafundisha hapahapa kidogo, kisha 1934 akaenda Accra kuhariri gazeti. Nkrumah, mwalimu kijana, akawa anamsoma na kumsikiliza, na mwaka uliofuata akapanda meli kuja Lincoln. Kitabu cha wahitimu wa 1939 kilimchagua kuwa mtu wa kuvutia kuliko wote darasani. Juni 1951 alirudi akiwa kiongozi wa serikali ya Gold Coast (Ghana ya leo), miezi michache baada ya kutoka gerezani, kupokea digrii ya heshima. Julai 1960 akawa rais wa jamhuri ya Ghana. Novemba mwaka huohuo Azikiwe akaapishwa Gavana Mkuu wa Nigeria mjini Lagos, na miongoni mwa wageni waalikwa alikuwepo Langston Hughes. Miaka miwili baadaye Hughes alikuwa Makerere, Kampala, kwenye mkutano wa waandishi wa Afrika, ambako kijana wa Limuru aliyejulikana kama James Ngugi alikuwa bado mwanafunzi. Ukiyasoma hayo kwa mfuatano huo unaona kitu ambacho vyeti haviwezi kukuonyesha: watu waliokutana wakiwa maskini, wakaendelea kutafutana.

Alhamisi, Baltimore

Kilomita kama 90 kwa barabara ileile ya zamani. Marshall alizaliwa hapa 2 Julai 1908, mama mwalimu, baba mhudumu wa mabehewa ya chakula kwenye treni. Shule yake ya msingi ilikuwa nambari 103, mtaa wa Division, ya Weusi peke yao. Alipofika sekondari adhabu ya utundu ilikuwa kukariri Katiba ya Marekani, na kwa utundu wake, alipomaliza alikuwa anaijua karibu yote. Walimu wenzangu, naona hii ni bora kuliko kung'oa visiki.

Sanamu yake iko mbele ya mahakama ya shirikisho mtaa wa Pratt. Alipomaliza Lincoln alitamani kusoma sheria Chuo Kikuu cha Maryland, hapa hapa nyumbani, lakini hakikupokea Weusi. Hakupeleka hata maombi. Alienda Howard kwa kusafiri kila siku, na mama yake akaweka rehani pete zake ili karo itimie. Miaka michache baadaye, akiwa wakili, alikishtaki chuo kilekile cha Maryland kwa niaba ya kijana mwingine Mweusi, Donald Murray, na mwaka 1936 mahakama ya rufaa ya jimbo ikathibitisha ushindi. Maryland walipoipa maktaba yao ya sheria jina lake mwaka 1980, alikataa kuhudhuria sherehe. Uwanja wa ndege ulipewa jina lake 2005, yeye akiwa ameshafariki, kwa hiyo hakuulizwa.

Jioni nilitembea kuelekea bandarini nikimfikiria tena Nkrumah. Basi lake la kutoka Philadelphia kwenda Washington lilisimama Baltimore. Ana kiu, akaingia mgahawa wa kituoni akaomba maji ya kunywa. Mhudumu Mzungu akamwonyesha chombo cha kutemea mate kilichokuwa nje. Nkrumah aliandika kwamba alishindwa hata kuondoka pale aliposimama kwa mshangao. Nilinunua chupa ya maji dukani, nikapewa na chenji na "siku njema", nikainywa yote hapohapo.

Ijumaa, Annapolis na Washington

Annapolis nilipita haraka. Kwenye uwanja wa bunge la Maryland yuko Marshall wa shaba, kijana, na tangu 1996 aliwekwa upande mmoja wakati upande mwingine kuna Roger Taney, jaji mkuu aliyeamua 1857 kuwa Mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani. Miaka zaidi ya 20 wakaishi hivyo kwenye kiwanja kimoja. Agosti 2017 Taney akaondolewa usiku. Niliacha gari New Carrollton, nikaingia metro.

Howard, kumridhisha shemeji. Ni kubwa, ina kelele nzuri, na kama ningetaka orodha ningeijaza hapa bila kutoka: Toni Morrison alihitimu 1953, Kamala Harris 1986, Chadwick Boseman 2000. Marshall alimaliza sheria 1933, akiwa wa kwanza darasani. Mkuu wake, Charles Hamilton Houston, aliwaambia wanafunzi kwamba wakili asiyeihandisi jamii ni kupe juu yake. Houston ndiye aliyepanga vita vya mahakamani miaka mingi kabla havijashinda.

Mahakama ya Juu ipo wazi kwa wageni siku za kazi, bila malipo. Marshall alisimama humo mara 32 kama wakili akashinda 29. Kesi iliyo kubwa ni ya shule, 17 Mei 1954, iliyofuta kutenganisha watoto kwa rangi. Mwaka 1967 akaingia kwa mlango mwingine, jaji Mweusi wa kwanza, akakaa hadi 1991.

Sasa Kiambu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Tom Mboya alimwomba Marshall awe mshauri wa wabunge Waafrika wa Kenya kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, London. Januari 1960 akaja kwanza Kenya, hali ya hatari ikiwa ndiyo kwanza inaondolewa. Alipelekwa Kiambu kwenye mkutano wa Waafrika, maofisa wa serikali ya kikoloni wakamkatalia kuingia. Akaomba basi aruhusiwe kuwasalimu tu watu waliokusanyika nje, neno moja. Wakakubali. Akapaza sauti: "Uhuru!" Umati ukalipuka. Ndivyo mwenyewe alivyopenda kusimulia, na hata kama aliongeza chumvi, maofisa wale walistahili.

London, siku za kwanza Waafrika waligoma kuingia mkutanoni. Walitaka mshauri wa pili: Peter Mbiyu Koinange, mtoto wa Chifu Koinange wa Kiambu, ambaye walowezi hawakutaka kusikia jina lake. Mwisho akapewa kibali cha kuingia jengoni bila kuingia ukumbini. Na Koinange alisomea wapi alipofika Marekani mwaka 1927? Hampton, Virginia, chuo cha Weusi alikohitimu Booker T. Washington. Washauri wawili wa Waafrika wa Kenya, mmoja wa Lincoln na mmoja wa Hampton. Nimefundisha Lancaster House miaka yote hii kwa kutaja Macleod, Mboya, Ngala, Blundell, na hilo sikuwahi kulikuta kwenye kitabu cha kiada.

Marshall aliandika rasimu ya haki za raia kwa ajili ya Kenya huru. Alichota kwenye katiba za nchi nyingine, ya Nigeria ikiwemo, na akaweka elimu, afya na kura. Lakini sehemu aliyoifanyia kazi zaidi ilikuwa ardhi: serikali isichukue mali ya mtu bila fidia ya haki, na mtu asiyeridhika aende mahakamani. Mwenye mali wa wakati ule ni nani? Mlowezi. Kitukuu wa mtumwa aliketi London akiandika jinsi ya kumlinda Mzungu wa Nyanda za Juu, kwa sababu wachache wa Kenya walikuwa Wazungu na Wahindi kama ambavyo wachache wa Marekani walikuwa watu wake. Sio kila msomaji wa Kiambu atafurahia, na babu yangu angetukana. Rasimu yenyewe haikupitishwa ilivyo. Sura ya haki ya 1963 iliandikwa na wanasheria wa Kiingereza. Julai mwaka huo Marshall, sasa jaji wa rufaa, alirudi Kenya na kuona wafanyabiashara Wahindi wakibanwa, na hakulifurahia.

Nyaraka zake zimo Maktaba ya Bunge, ng'ambo ya barabara. Nilijaza fomu, nikapigwa picha, nikapewa kadi ya msomaji bila malipo, na muda wa kufunga ukafika kabla sijaletewa hata faili moja. Kesho narudisha gari Upper Darby. Somo la Lancaster House kwa kidato cha nne liko mwezi ujao, na nimeshaandika swali la zoezi kwenye daftari nikiwa ndani ya metro: *Kwa nini wabunge Waafrika walimleta mshauri ambaye rasimu yake iliwalinda walowezi, na je, ungemkubali? Alama 15.*